Ndege Aliyenifunga Mdomo

Bwana Yesu asifiwe, watu wa nyumbani! Mmeitikia kivivu, hasa ninyi wa mabenchi ya nyuma, lakini leo nawasamehe, maana mimi mwenyewe nimesimama hapa kuomba kusamehewa. Mchungaji, asante kwa nafasi hii. Umenipa dakika kumi. Wanaonijua wamecheka, na wana haki ya kucheka.

Kwa wageni, naitwa Aikaeli. Nimezaliwa hapa hapa Mwika, naishi Pasua, Moshi mjini, na nauza mitumba. Lakini hapa kanisani jina hilo mmeshalisahau, mnaniita Mama Mnada. Ibada ikiisha, zile sadaka za shambani zikipelekwa pale nje, kuku, mayai, maziwa, mikungu ya ndizi, mimi ndiye ninayezinadi. Sauti hii Mungu alinipa akiwa na haraka, hakupima. Nikiita "Mara ya kwanza!" pale uwanjani, ng'ombe wa ng'ambo ya mto wanaacha kucheua. Sijisifu, ndugu zangu. Naeleza ugonjwa.

Maana nilikuwa mfungwa! Wengine wanakuja hapa mbele kueleza walivyofungwa na pombe. Mimi mbege naionja kwenye arusi tu, tena kwa heshima ya wenyeji. Mimi nilifungwa na mdomo. Neno likinijia kichwani halikuwa na pa kulala, lilitoka hapo hapo likiwa bichi. Nilimwambia bibi harusi kwamba gauni limembana. Nilimwambia mfiwa kwamba marehemu alikuwa na deni la maneno na mimi. Marehemu mchungaji wetu wa zamani nilimwambia mahubiri yake ni marefu, nikamwambia akiwa bado anahubiri!

Sasa nisikilizeni. Miaka mitano iliyopita, kwenye mavuno, wifi yangu Anasia, mke wa kaka yangu Elia, alileta mkungu wa ndizi mshare. Yupo pale, benchi la tatu, kitenge cha bluu. Wifi, usiiname, leo si wewe unayesemwa. Mwaka ule jua lilikuwa kali, migomba ilikuwa inakauka imesimama, na kaka alikuwa anaumwa mgongo, halimi. Mkungu ule ulikuwa mdogo. Mimi nikaunyanyua mbele ya usharika mzima, nikasema, kwa sauti hii hii, "Jamani, hizi ni ndizi au ni vidole vya mgonjwa? Nani ameukata huu mkungu ukiwa bado unanyonya?"

Mlicheka. Msijifanye hamkumbuki, mlicheka mpaka mzee mmoja wa kanisa akakaa chini. Wifi hakucheka. Alikuja mbele, akauchukua mkungu wake mikononi mwangu, akauweka taratibu chini ya meza ya sadaka, akaenda nyumbani. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba ndio uliokuwa mkungu pekee shambani mwao. Watoto walikuwa wanausubiri wapikiwe mtori, ile supu yetu ya ndizi, naye akasema Mungu kwanza.

Hapo mtu mwenye akili angekimbia kuomba radhi. Mimi nilisema nini? Nilisema, "Alileta mkungu mdogo, nami nikasema mdogo. Kosa liko wapi?" Nikalisema njiani, nikalisema sokoni, nikalisema kwenye simu mpaka salio likaisha. Wifi yeye? Hakunitukana, hakunisengenya. Alifunga mlango tu, na kaka yangu maskini akabaki katikati, akinipigia simu akiwa amejificha zizini. Nilikuwa nasikia ng'ombe kuliko nilivyokuwa namsikia yeye.

Ndugu zangu, mnajua Krismasi ya Mchagga. Watu wanatoka Dar, wanatoka Mwanza, wanatoka hata ng'ambo, wote wanapanda huku nyumbani. Mimi niko Pasua, mwendo mfupi tu, na sikuwa na nyumbani pa kupanda! Makaburi ya baba na mama yamo mle mle kihambani kwa kaka, kwenye shamba la ukoo. Krismasi nne nilisali hapa, nikawasalimia wazazi wangu kwa mbali, nikiwa barabarani, halafu nikateremka mjini kula wali peke yangu. Mwaka wa tatu nilimkaribisha paka wa jirani. Alikula nyama akaondoka. Nililia siku ile, nawaambia ukweli. Nililia, na bado sikuona kosa langu.

Ndipo presha ikaja. Daktari alinifunga ule mpira mkono wa kulia, akapuliza, akatazama, akafungua, akaufunga mkono wa kushoto kana kwamba wa kulia ulikuwa unamdanganya. Akaniambia, mama, tembea kila asubuhi, punguza chumvi, punguza kelele. Chumvi nilipunguza.

Nikaanza kutembea msitu wa Rau, pale pembeni ya mji, kwenye miti mikubwa na maji ya chemchemi. Siku ya kwanza simu ikalia. Ni mteja, anauliza suruali. Nikapokea kwa sauti yangu ya kawaida. Ghafla juu yangu miti ikatingishika, ndege wakubwa weusi wenye midomo kama mapanga wakaondoka wote kwa kishindo, mabawa yanavuma, vuu, vuu, vuu! Na nyuma ya mti akatokea mzee mmoja wa baraghashia, ana darubini shingoni, ananitazama kama mtu aliyemwagiwa chai.

"Mama, wale hondohondo nimewasubiri tangu alfajiri."

"Shikamoo mzee. Kwani ni kuku wako?"

"Marahaba. Si wangu. Ndiyo maana siwezi kuwaita warudi."

Sikupata jibu! Hebu fikirini, mimi, nikakosa jibu. Nilirudi Pasua nikiwa nalitafuta lile jibu, na kesho yake nikarudi Rau ili nimjibu.

Mzee huyo ni Mzee Hamisi. Alikuwa mwongozaji wa wageni mlimani miaka mingi, mpaka magoti yakakataa mlima, ndipo akabaki na ndege. Darubini aliachiwa na mgeni mmoja. Siku ya tatu, nadhani kwa kuchoka kunisikiliza, akanivisha ile darubini shingoni. Nikaiweka machoni, nikamwona Mzee Hamisi yuko mbali kabisa, mdogo kama kidole. Nikamwambia chombo chako kibovu. Akakigeuza.

Na mimi nikaona! Pale kijitoni, juu ya tawi, amekaa mdiria. Nyumbani tunapita karibu na ndege hawa kila siku, tunawaona kama tunavyoona mawe. Mimi niliona bluu ambayo sijawahi kuiona hata kwenye vitenge vya bei mbaya! Niliona mdomo mwekundu! Niliona jicho lake, na lile jicho linatazama maji, halina habari na mtu. Nikapiga kelele, "Yesu wangu!" Akaruka. Nikabaki natazama tawi tupu.

Mzee Hamisi akachukua darubini yake. Akasema kuanzia leo sheria ni moja, neno likitoka, darubini inarudi.

Ndugu zangu, asikudanganye mtu kwamba kunyamaza ni kazi rahisi. Siku ya kwanza niliweza dakika mbili. Siku ya pili nilijaza pindo la kanga mdomoni. Wiki nzima nilirudi Pasua taya zinauma kama nimetafuna miwa. Lakini kila nilipoinyamazia ile miti, ilinipa kitu. Nilimwona kigogota akigonga mti kwa kichwa mpaka nikashika changu. Nilimwona chozi, kale kandege kanakong'aa, kakinywa asali ya ua huku kananing'inia miguu juu. Na hondohondo wale niliowafukuza, nikaambiwa mambo yao. Mama anajifungia ndani ya tundu la mti, tundu linazibwa kwa udongo, unabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo analea, na baba anamletea matunda mchana kutwa. Nilitazama ule ufa, nikafikiri, huyu mama amefungiwa gizani na hapigi kelele, mimi niko nje juani na sinyamazi. Nilirudi mara tatu kumwangalia baba akileta matunda. Furaha ile siwezi kuieleza. Nilikuwa natembea kurudi nyumbani nikicheka peke yangu, bila kumsema mtu yeyote!

Pasua wakaanza kushangaa. Siku moja mteja akaniambia hii blauzi ina doa, nami nikasema, "Ni kweli." Basi, nikaishia hapo. Jirani yangu wa meza ya pili, Mama Zuhura, alifunga biashara saa sita, akaja kwangu na uji kwenye chupa, akakaa kwenye mkeka, akanishika mkono. "Pole, mwenzangu. Ni nani aliyefariki?"

Sasa kuna ndege mmoja Mzee Hamisi aliniambia nimtafute. Mgongo wake una rangi ya tofali la kuchoma, kichwa cheusi kinachong'aa, na dume lake lina mkia mrefu kama utepe, mrefu kuliko yeye mwenyewe mara mbili. Anaruka na ule mkia unamfuata nyuma kwa maringo. Nikampa jina, Bwana Harusi. Nilimwona Rau mara moja, akapita, mkia tu. Mzee akasema huko kwenu milimani, kwenye kahawa na migomba, ndiko wanakojenga. Akanifundisha namna ya kukaa karibu na kiota. Usisogee. Usiongee. Usimkodolee macho, ataogopa. Inamisha kichwa, mtazame kwa chini chini.

Basi, mwaka jana, Jumamosi moja kabla ya Krismasi, nilipanda huku kwa kikao cha mnada. Mzee Hamisi alikuwa ameenda Sanya Juu kwenye arusi ya mjukuu wake, akaniazima darubini. Niko njiani, sina hili wala lile, Bwana Harusi akapita mbele yangu! Mkia wote! Nikaacha barabara. Nikavuka mfereji, nikapita kwenye kahawa ya mtu, nikainama chini ya migomba, nikavuka mfereji wa pili, kiatu kimoja kimejaa maji. Nikafika kwenye mpaka wa masale, ile mimea tunayoipanda mipakani. Ng'ambo yake, kwenye mti wa kahawa, kiota, kidogo kama kikombe cha kahawa. Na aliyekuwa analalia mayai ni baba! Mwanaume mzima, amekaa kwenye mayai, mkia unaning'inia nje. Wanaume wa usharika huu, mmesikia? Nitawaonyesha.

Jani moja la isale lilikuwa limekaa mbele ya macho yangu kama pazia. Nikalivunja, taratibu, nikabaki nalo mkononi. Nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa, nikamtazama kwa chini chini. Kimya. Kisubi akaniingia jichoni, machozi yakaanza kutoka. Sikuyafuta. Mzee alisema usisogee.

Ndipo nikasikia mzigo wa majani ya ng'ombe ukianguka chini. Nikageuza jicho moja. Ni wifi Anasia. Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama kihambani kwa kaka yangu na sikujua!

Sisi tuliozaliwa huku hatuhitaji kufundishwa isale. Kwa wageni nasema tu, hapa kwetu mtu aliyekukosea akikujia na jani la isale mkononi, amekuja kuomba msamaha, na haifai kumkatalia. Sasa mtazameni Aikaeli kwa macho ya wifi. Amesimama mpakani. Kichwa chini. Isale mkononi. Machozi mashavuni. Na jambo ambalo halijawahi kutokea tangu azaliwe, amenyamaza!

Mdomoni nilikuwa na maneno tayari. Nilitaka kusema, "Wifi, usije huku, utamfukuza!" Yalifika kwenye meno. Mkono wa Bwana ukayarudisha, ndugu zangu, sina maelezo mengine. Wifi akaja, akalipokea lile jani kwa mikono miwili. Akaniambia, "Aikaeli, umekuja. Twende nyumbani." Akalia. Nami nikalia, sasa si kwa sababu ya kisubi. Nilipogeuka, Bwana Harusi alikuwa bado amekaa kwenye mayai yake, hakuruka.

Krismasi ile nilikula kihambani kwetu. Niliweka maua kwenye makaburi ya wazazi wangu kwa mkono wangu. Kaka alinipigia simu akiwa sebuleni, hata zizini hakuingia! Na ninyi mkanisifu. Mama mmoja aliniambia, Aikaeli, umetufundisha unyenyekevu. Mchungaji, wewe ukanitaja kwenye mahubiri, bila jina, lakini kila mtu akageuka kunitazama, nami nikatazama chini kinyenyekevu. Mungu anihurumie!

Ndipo moyo ukaanza kuniwasha. Maana ule msamaha niliuiba. Sikuja kwa wifi, nilimfuata ndege. Kila aliponipakulia mtori niliona nakula cha wizi. Na nikafikiri, nikisema ukweli, nitarudi barabarani, nitasalimia makaburi kwa mbali, nitakula wali na paka. Kwa mara ya kwanza nikaona kunyamaza nako kunaweza kuwa dhambi. Nikamweleza Mzee Hamisi. Alifuta vioo vya darubini muda mrefu sana. Akasema, "Yule ulimpata kwa bahati. Sasa rudi, ukijua unakwenda wapi."

Kwa hiyo leo nimerudi, na najua nimekuja wapi. Mchungaji, naona unatazama saa, niongeze kidogo. Hili hapa kwenye Biblia yangu ni jani la isale. Nimelikata leo asubuhi, kaka ni shahidi, na darubini nimeiacha kwenye mkoba.

Wifi Anasia. Siku ile sikuja kwako. Nilikuwa namtazama ndege. Machozi yalikuwa ya mdudu. Lakini hili la leo nimekuletea wewe. Mkungu wako haukuwa mdogo, ulikuwa mkubwa kuliko yote iliyoletwa siku ile, mimi ndiye niliyekuwa kipofu, tena mwenye mdomo. Nilikuaibisha mbele ya hawa, nami nakuomba msamaha mbele ya hawa hawa. Ukilikataa leo, una haki. Nimemaliza.

Anasimama. Jamani, nyamazeni, anasema kitu. Wifi, sema, wa nyuma hawasikii, nitarudia mimi, ndiyo kazi yangu.

Anasema alijua.

Alijua! Anasema darubini ilikuwa inaning'inia shingoni, nani anakuja kuomba msamaha na darubini? Anasema nilikuwa nimesimama juu ya maharage yake. Haya, wifi, na hayo nisamehe. Sasa kama ulijua, mbona ulilipokea?

Ngojeni. Anasema kwa miaka minne alimwomba Mungu jambo moja tu, amnyamazishe Aikaeli hata dakika tano, apate nafasi ya kumsamehe. Siku ile alikuwa nyuma ya migomba na majani kichwani, ananitazama. Akasubiri niongee. Sikuongea. Akasubiri tena. Shingo ikamuuma. Akaona ombi lake limejibiwa, basi ya nini kuuliza limejibiwa na nani.

Amelipokea! Ndugu zangu, amelipokea, na safari hii mikono yetu yote minne imelishika!

Sina zaidi. Namshukuru Mungu aliyemtuma ndege mwenye mkia kunitafuta mtu nisiyetafutika. Wewe uliyefungwa na mdomo, na hapa tuko wengi, nawaona, usikate tamaa, mwamini yeye, anaweza! Asubuhi yoyote njoo Rau, utanikuta na Mzee Hamisi. Utaona mdiria. Utaona hondohondo akimlisha mkewe. Njoo na viatu vya matope, maneno yaache Pasua.

Na baada ya ibada tukutane pale nje. Wifi ameleta mkungu wa mshare, nimeuona nikiingia. Nitaunyanyua juu kwa mikono miwili, na sitasema neno hata moja. Asiyeuona vizuri aje mbele, darubini iko kwenye mkoba.